Namba ya Baiskeli ya Hhando

Aliyelichagua neno hilo, popote alipo leo, hakuwa mwanamke, na kama alikuwa mwanamke basi alikuwa na watoto wake tele. Namba isiyogawanyika kwa namba nyingine yoyote ila kwa moja na kwa yenyewe, akaiita tasa. Angeweza kuiita namba ngumu. Angeweza kuiita kaidi, au pweke, maana Kiswahili hakina njaa ya maneno. Akachagua tasa. Likaingia kwenye vitabu vya shule ya msingi, likasambazwa nchi nzima, likafika mpaka shule moja kule Masakta, chini ya mlima Hanang, na huko likamkuta Mwalimu Mectilda amesimama mbele ya ubao, ameolewa miaka tisa, hana mtoto.

Watoto wa Masakta ni watoto wa wenye ng'ombe, na hakuna haja ya kuwaeleza tasa ni nini. Ng'ombe tasa hana mjadala: anatazamwa msimu mmoja, wa pili, kisha anaswagwa kwenda mnadani. Kwa hiyo kila mwaka mada ilipofika Mectilda alijiandaa kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Aliliandika neno haraka, akageuka haraka, na kila mwaka alikuta mambo yale yale: waliokaa nyuma wanafinyana, waliokaa mbele wameinamisha vichwa kwa kumsitiri. Wale wa mbele ndio waliomuumiza zaidi. Anayecheka unaweza kumchapa. Anayekuhurumia utamfanya nini?

Mumewe, Tadeo, alikuwa karani wa chama cha ushirika mpaka chama kilipokufa na biashara ikafunguliwa kwa kila mwenye nguvu za kugombania gunia. Siku hizo alikuwa akinunua maharage kwao Maretadu na kuyasafirisha kwa lori la kukodi, hivyo zaidi alilala kwa mama yake, na Masakta alifika anapofika. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo ulipokuwa ugumu, maana mume mbaya humrahisishia mke mambo. Mama mkwe naye, Bibi Kornelia, hakuwa mtu wa matusi. Alisema mara moja tu, anachambua maharage kwenye ungo, bila hata kuinua uso.

"Mectilda, mwanangu, mimi nimenyamaza miaka yote hii. Lakini likitokea jambo lingine hata moja la kuitia nyumba yangu aibu, utarudi kwenu Dongobesh ukapumzike kidogo."

Ndoa ya kanisani haivunjwi, kila mtu anajua. Lakini mke anaweza kupelekwa kwao kupumzika, na mapumziko ya namna hiyo hayana kengele ya kurudi. Tayari Maretadu kulikuwa na binti mmoja ambaye siku hizi alionekana mno nyumbani kwa Bibi Kornelia, akisaidia kuchota maji. Mectilda alimpenda mumewe. Lisemwe wazi, kwa sababu watu wakisimulia habari za mwanamke asiye na mtoto husahau kwamba naye ana moyo. Alimpenda Tadeo, na aliamka na hofu na kulala na hofu.

Mwaka huo, miaka michache kabla ya Mbulu na Hanang kukatwa kutoka Arusha na kufanywa Manyara, alichoka kuliogopa neno. Kama haliondoki, alijiambia, basi tulifanyie kazi mpaka lichakae. Akawaambia wanafunzi wake wa darasa la sita kwamba kila mmoja alete namba kubwa kutoka nyumbani, popote atakapoiona imeandikwa, na darasa zima litaitafutia vigawo mpaka ivunjike.

Lilikuwa jambo geni na watoto walilipenda. Zikaja namba za mgongoni mwa redio, namba za magunia ya mbolea, namba za kadi za josho, namba ya lori lililokwama mtoni. Mmoja alileta namba ya daraja. Moja moja zililetwa ubaoni na moja moja zilivunjwa: hii kwa tatu, hii kwa saba, hii ilisumbua kidogo ikafa kwa ishirini na tatu. Darasa lilishangilia kila ilipopasuka, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemtazama mwalimu tumboni.

Verediana alikuja wa mwisho. Alikuwa binti wa Hhando, mwembamba, si msemaji, mtoto ambaye ukimwambia jambo hukaa nalo siku mbili kabla hajajibu. Namba yake alikuwa ameiandika kwa kalamu kwenye mkono, kuanzia kiwiko hadi kiganjani.

"Shikamoo, mwalimu. Ya kwangu ni kubwa."

"Marahaba. Umeitoa wapi?"

"Kwenye baiskeli ya baba. Imegongwa chini ya kiti."

Baiskeli ya Hhando haikuwa baiskeli tu. Zamani ungeomba kibali wilayani, ungesubiri mpaka uote mvi. Sasa zilikuwa zimejaa madukani Katesh, na Hhando aliuza mbuzi akainunua nyekundu, akaifunga nailoni kila bomba, na jioni aliiingiza ndani alale nayo karibu. Namba yake ilikuwa 104,729.

Wakaanza. Inaishia na tisa, kwa hiyo mbili na tano zikakataa mlangoni. Ukijumlisha tarakimu zake unapata ishirini na tatu, kwa hiyo tatu nayo haiingii. Saba ikabakiza mbili. Kumi na moja ikabakiza tisa. Kengele ikalia, darasa likatoka mbio kwenda kwenye mpira, Verediana akabaki amesimama palepale.

"Tusiiache, mwalimu."

Basi wakawa wanaifanya wawili, wakati wa mapumziko, yeye na mtoto huyo, ubaoni na kwenye vipande vya karatasi. Mectilda alimwonyesha kwamba hakuna haja ya kujaribu kila namba. Jaribu zile tasa tu, kwa sababu kama sita ingeweza kuigawanya, mbili na tatu zingekuwa zimekwisha kuigawanya kabla yake. Wala huna haja ya kwenda mpaka mwisho: mia tatu ishirini na nne ikijizidisha yenyewe inaipita namba ya baiskeli, kwa hiyo ukifika hapo bila kupata kitu, umemaliza.

Alikuwa anatafuta namna ya kueleza kwa nini, lakini mtoto alimtangulia.

"Ni kwa sababu vigawo huja viwili viwili, mwalimu. Kimoja kikiwa kikubwa, kingine lazima kiwe kidogo. Kile kidogo tungekuwa tumeshakutana nacho."

Mectilda alitamani kukishika kile kichwa kwa mikono miwili. Katika miaka yake yote ya kufundisha hakuna mtoto aliyewahi kumaliza sentensi yake, na sasa huyu alikuwa anamaliza hata zile ambazo hajazianza.

Kumi na tatu ilipokuja, ilibakiza moja. Moja tu! Verediana aligonga meza.

"Kidogo iingie!"

"Baki ni baki," Mectilda akasema. "Moja au kumi, haikuingia."

Alisema kwa sauti ya mwalimu, akageukia ubao. Mara mbili tumbo lake lilikuwa limeshika, na mara mbili likaachia kabla hajamwambia mtu. Habari za kidogo iingie alizijua. Siku nyingine kumi na tisa nayo ikabakiza moja, na baadaye hamsini na tatu ikabakiza moja vilevile, mpaka Verediana akauliza inakuwaje hivyo, na kwa kuulizana huko wakagundua kitu. Namba inayoitangulia, ile inayoishia na nane, ilikuwa imejaa vigawo: mbili, nane, kumi na tatu, kumi na tisa, hamsini na tatu, zote zimo. Na ile inayoifuata, inayoishia na sifuri, ilikuwa na mbili, tatu, tano, sita, kumi. Namba ya baiskeli ilikaa katikati ya nyumba mbili zenye watoto mpaka mlangoni, yenyewe haina hata mmoja.

Tangu siku hiyo Mectilda aliingiwa na wazimu mdogo ambao hakumwambia mtu. Alitaka igawanyike. Kila walipoanza namba mpya aliomba moyoni, kama anavyoomba mbele ya Bikira: hii iingie. Ikiingia hii, na mimi... Hakuimalizia sentensi. Mtu mzima, mwenye cheti cha ualimu, anaweka tumbo lake rehani kwa fremu ya baiskeli! Lakini asiyewahi kukata tamaa asimcheke. Mwenye kiu hachagui kisima, na yeye alikuwa ameshakunywa dawa za hospitali ya misheni, mizizi ya kila mwanamke aliyejifanya anajua, na maji ya baraka. Hii ilikuwa namba tu. Haikuwa chungu.

Walifika mia mbili. Walifika mia tatu. Mia tatu kumi na saba ikabakiza mia moja kumi na tisa, na baada ya hapo hapakuwa na namba nyingine ya kujaribu.

Mectilda aliketi. Kama mtoto asingekuwepo angelia palepale. Lakini Verediana alikuwa amesimama mbele ya ubao, vumbi la chaki hadi kwenye nyusi, na uso wake uliwaka.

"Haikuvunjika," alinong'ona. "Mwalimu, zote zimeshindwa! Ziko nyingine kubwa kuliko hii?"

"Ziko."

"Zinaisha wapi?"

"Haziishi." Akainuka, na kwa sababu ya uso ule akamwonyesha. Chukua namba tasa zote unazozijua, uzizidishe pamoja, uongeze moja. Hiyo utakayoipata, ukiigawanya kwa yoyote kati ya hizo, inabakiza moja. Kwa hiyo lazima iko nyingine usiyoijua, daima iko nyingine. "Ukienda mbali zinakaa mbalimbali, kama maboma ya mbugani. Lakini haziishi."

Verediana alicheka kwa sauti, mtoto ambaye hakuwahi kusikika akicheka shuleni. Na Mectilda, aliyekuwa amevunjika dakika ile ile, akacheka naye. Kama kuna saa katika maisha yake ambayo angeitaka tena, ni ile.

Kosa alilifanya kesho yake, na alilifanya kwa upendo. Alimsimamisha mtoto mbele ya darasa ili apigiwe makofi. Akasema: "Namba zenu zote zilivunjika. Ya Verediana peke yake ndiyo iliyoshinda. Ya Verediana ni tasa!"

Darasa likalipuka. "Verediana tasa! Verediana tasa!" Walimpigia makofi ya kweli kabisa, ya kumsifu. Walitoka nalo nje, wakaenda nalo njiani, wakapita nalo kwenye maboma yote mpaka kwao. Na neno likifika nyumbani halifiki na mfuko wake wa shule. Lilifika uchi: mwalimu yule asiyezaa amemsimamisha binti wa Hhando mbele ya watu, akamwita tasa.

Huenda lingepita. Lakini wiki ile ng'ombe wawili wa Hhando walitupa mimba, mmoja baada ya mwingine, na uma wa mbele wa baiskeli ukakatika akiteremka mlima, akaumia nyonga. Bwana mifugo alisema ni ugonjwa wa ng'ombe na uko vijiji vitatu. Hhando alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama ugonjwa huo unakata na vyuma.

Alikuja shuleni akichechemea. Hakupiga kelele, angepiga kelele ingekuwa nafuu.

"Mwalimu, mimi sikusoma. Nilikupa mtoto umfundishe. Umechukua chombo changu na jina la mwanangu, ukaviunganisha, ukatamka lile neno juu yake. Wewe. Katika watu wote, wewe."

"Baba Verediana, ni namba tu. Kitabuni imeandikwa hivyo."

"Ng'ombe wangu hawajasoma kitabu."

Mwalimu mkuu, Philemon, mgeni kutoka Ruvuma, mtu wa amani kupita kiasi, aliahidi jambo litamalizwa na wazee. Na desturi ya wazee katika mambo hayo iko wazi kwa Mwiraqw yeyote, mwenyeji wa huku: neno baya haliondolewi na mtu mwingine. Kinywa kilicholitoa ndicho kinachorudi kulichukua, hadharani, mbele ya yule aliyetamkiwa, kisha wazee wanaomba. Habari zikapanda basi zikafika Maretadu kabla ya jua kuzama.

Jumamosi Tadeo alikuja. Alikaa kwenye kigoda jikoni, akashika kikombe cha chai bila kunywa.

"Mama anakuja kwenye kikao," alisema. "Amefunga vitu vyako vilivyoko kule. Amevifunga tu, hajasema kitu."

Mectilda alikielewa kile kifurushi bila kuelezwa.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema ukatamke tu. Useme haikuwa tasa, inagawanyika. Neno moja, Mectilda. Ukisema hivyo mama hana pa kushika. Usiposema..." Akaweka kikombe chini. "Mimi sitaweza kumzuia. Nimemzuia miaka yote, nimechoka."

"Haigawanyiki, Tadeo."

"Nani anajua?"

"Mimi najua. Na Verediana."

"Mtoto!" alisema, akaangua kicheko kilichokosa furaha. "Mtoto anasahau."

Kikao kilifanyika uani kwa Hhando, asubuhi ya Jumapili baada ya misa. Wazee walikaa kwa mpangilio wao, wanawake upande wa ghala, na Bibi Kornelia kati yao, amevaa kitenge chake cha sikukuu, kifurushi miguuni. Tadeo alisimama karibu na lango. Verediana aliketishwa kwenye kigoda katikati, amepakwa mafuta kichwani, na baiskeli imeegemezwa nyuma yake na uma wake uliokatika, kama na yenyewe ilikuja kushtaki.

Mzee Yoakimu ndiye aliyeongoza. "Mwalimu, hapa hakuna anayekugombeza. Sema mbele ya mtoto kwamba ile namba si tasa, inagawanyika. Basi. Tutaomba, tutakunywa, tutakwenda nyumbani."

"Shikamoo, mzee. Naomba nieleze. Pale ni jina tu. Namba haizai, haifi, haimdhuru mtu. Ni jina."

"Kama ni jina tu," mzee akauliza kwa upole, "kwa nini unaona shida kulibadilisha?"



Mwalimu mkuu alikohoa. "Kwa Kiingereza, wazee, huitwa praimu. Pengine mwalimu aseme tu kwamba ni praimu."

"Na hiyo praimu," Hhando akauliza, "inazaa?"

Mwalimu mkuu akatazama viatu vyake, na huo ukawa mwisho wa mchango wake.

Mectilda alisimama pale na uchungu ukampanda mpaka akahisi ladha yake. Tazama watu hawa wote! Kondoo amechinjwa, pombe imepikwa, wazee wametembea tangu alfajiri, ili mtoto mmoja avuliwe neno ambalo hajalivaa hata mwezi. Na yeye je? Yeye alilivaa tangu mwaka wa pili wa ndoa, sokoni, kisimani, kanisani, na hakuna aliyewahi kumchinjia hata kuku ili limtoke. Alitaka kuwapigia kelele. Alitaka kuwauliza ni kinywa cha nani kitakachorudi kuchukua la kwake. Kisha akamwona Bibi Kornelia anakisogeza kifurushi kidogo kwa mguu, na akamwona Tadeo anatazama barabara.

"Inagawanyika," alisema.

Wazee wakaguna kwa ridhaa. Mwanamke mmoja akaanza kigelegele. Hhando alifumba macho, na mabega yake yakashuka, na kwa mara ya kwanza ikaonekana jinsi alivyokuwa ameogopa.

Verediana, pale kwenye kigoda, akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Kwa ngapi, mwalimu?"

Kigelegele kikakatika.

"Nyamaza, wewe," Hhando akasema.

"Mwacheni," mzee Yoakimu akasema. "Jambo ni lake, ana haki ya kulijua. Mwambie, mwalimu. Inagawanyika kwa ngapi?"

Namba zote zilimjia kwa pamoja, saba na kumi na moja na ishirini na tatu na mia tatu kumi na saba, na hakuna hata moja ambayo mtoto yule hakuwa ameijaribu kwa mkono wake mwenyewe. Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema ukweli, hata sasa. Lakini kifurushi kilikuwa palepale.

"Kwa kumi na tatu," alisema.

"Kumi na tatu inabakiza moja, mwalimu."

"Ulikosea kugawanya."

"Tuligawanya wote. Wewe ulisema..."

"Verediana!" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia, sauti ya kumtisha mtoto. "Ulikosea. Haibakizi kitu. Inaingia yote."

Mtoto alimtazama. Alimtazama kwa muda, anakaa na jambo lile kama kawaida yake, anatafuta mahali pa kuliweka. Kisha akashusha mkono, akauweka mapajani.

"Ndiyo, mwalimu," alisema.

Wazee wakasimama wakaomba slufay, dua ile ndefu ambayo mmoja anatamka na wote wanaitikia: mvua inyeshe, ng'ombe washike mimba, mtoto huyu awe na njia pana. Verediana alikaa katikati ya sauti zao, mgongo umenyooka, hakugeuka tena upande wa Mectilda. Baadaye Bibi Kornelia alikuja, akamkumbatia mkwewe mbele ya watu wote, akamwita mwanangu, na safari hii alionekana anamaanisha. Kifurushi alikirudisha mwenyewe mpaka nyumba ya mwalimu. Tadeo alibaki Masakta siku nne nzima. Alikarabati paa la jiko, alicheka na majirani, na usiku alimshika mkewe mkono. Binti wa kule Maretadu aliacha kuchota maji.

Kila alichokuwa akikililia Mectilda, alikipata. Alikaa nacho mezani, akakosa hamu hata ya kula.

Jumatatu aliingia darasani mapema. Alikuwa amepanga maneno. Angemwita Verediana pembeni wakati wa mapumziko, angemweleza kwamba watu wazima wakati mwingine hubanwa, kwamba pale uani hakuwa mwalimu, alikuwa mke wa mtu. Angemwambia namba yake ni tasa leo, na kesho, na hata baada ya wao wote kufa. Lakini mapumziko yalipofika Verediana alikuwa wa kwanza kutoka, akakimbilia kwenye mpira na wenzake, ambako hakuwahi kwenda.

Baada ya mapumziko aliandika ubaoni swali jepesi, mia moja gawanya kwa saba, akamwita yeye kwa jina. Alitaka tu kumwona akishika chaki tena. Verediana alikuja, akaandika kumi na nne kwa mwandiko mzuri, kisha akasimama.

"Vizuri," Mectilda akasema. Alisogea karibu, akainama kidogo, akashusha sauti mpaka ikawa ya kuomba. "Na baki je, mwanangu? Baki ni ngapi?"

Mtoto akamrudishia chaki.

"Unavyotaka wewe, mwalimu," alisema, bila ujeuri wowote, kama mtoto aliyefundishwa jambo akalielewa.